Sikio la Kiganja

Saa moja kasorobo, Kiomoni.
Pango linapumua joto lenye harufu ya mkojo na mawe.
Baba amekalia ndoo iliyopinduliwa,
kikoi amekipandisha magotini,
ananiuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine:
"Wameanza kutoka?"

Wameanza. Mmoja, wanne, kisha hawahesabiki,
moshi wenye mifupa.
Mimi nina daftari, nina mkataba wa miezi mitatu,
na kisanduku cha kuazima, kama kipande cha sabuni ya mche,
kinachozishusha sauti zilizo juu mno
hadi kimo cha sikio la mtu.
Nikikizima, usiku ni vyura na pikipiki.
Nikikiwasha,
tak. tak. tak.
Kumbe juu yetu pana soko.

Kila popo anapiga ukelele na kila kitu kinamjibu.
Mwamba unajibu kwa ukali, papo hapo.
Jani la mkorosho linajibu kwa maneno yaliyochanika.
Nondo anajibu kidogo, kidogo sana,
jibu linalotetemeka kwa kila pigo la bawa,
na katika udogo huo popo anasoma
yu mbali kiasi gani, anageukia wapi, amenona au la.
Giza ni neno letu
sisi tunaojikwaa.

Baba hasikii.
Miaka kumi na tisa kwenye korona
akiyalisha majani ya mkonge kwenye meno ya chuma.
Kwanza zilimtoka sauti nyembamba:
kijiko ndani ya kikombe, chiriku, sindano ikianguka sakafuni.
Kisha jina langu, kuanzia mkiani:
kutoka Zinduna nikawa Zindu, nikawa Zi,
nikawa mdomo unaochezacheza.

Nilimwandikia kwenye daftari, nikimulika kwa simu:
*Popo anapopiga ukelele, msuli mdogo sikioni mwake
unavuta mlango, asijiumize kwa sauti yake mwenyewe.
Ukelele ukiisha, mlango unafunguka,
mwangwi unakaribishwa ndani.
Yote hayo kabla hujapepesa jicho.*
Akasoma mara mbili. Akacheka kwa pua.
"Msimamizi alitupa sabuni na kilo ya sukari," alisema.
"Mlango hakutupa."

Sikuwa na la kuandika chini ya hapo.
Nikakichukua kiganja chake,
kiganja kilicholiwa na maji ya mkonge,
nikamwekea kisanduku, spika ikitazama ngozi.

Kwenye taa ya kibanda cha tiketi nondo walikuwa wanazunguka.
Popo mmoja akaukata mwanga.
Tak, kiganja kikasikia.
Tak. Tak.
Nikaona nyusi za baba zinapanda.
Tak tak tak, anaulizia kwa haraka sasa,
taktaktak, amekaribia, hana nafasi ya kukosea,
maswali yamebanana hata hayana pengo,
trrrrrrr

kimya.

"Amempata?"

Sikujua. Wapo nondo wenye masikio pia,
wakimsikia anakuja hukunja mabawa
na kujiachia kama kokoto,
akabaki popo na hewa tupu mdomoni.
Nilikuwa natafuta namna ya kuliandika hilo
lilipodondoka juu ya ukurasa, kwenye safu ya saa,
bawa moja la kahawia
lisilo na mwenyewe.

Nikamwonyesha. Akaligusa kwa ncha ya kidole,
vumbi lake likabaki kwenye ukucha.
"Inaanza hivihivi," alisema, "korona, asubuhi.
Polepole. Halafu husikii tena pigo, unasikia ukuta."
Nikanyoosha mkono nichukue kisanduku, betri inakwisha.
Akafumba vidole.

"Usizime!"
alisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia,
na ng'ambo ya Mkulumuzi mwamba ukamrudishia,
*zime, zime,*
ukali wote umeondoka.

Nikamgusa begani mara mbili,
ajue kwamba amejibiwa.